Ukurasa wa Sitini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimetia mgongo mpya vitabu vinne. Vitatu ni Punda wa Barua. Si ajabu. Mwaka wa thelathini na moja huu nashona vitabu katika maktaba hii ya watoto, na huyo punda ndiye mteja wangu mkubwa. Aliyemtunga alifariki mwaka juzi. Vitabu kumi na kimoja, medali mbili, shule nzima imepewa jina lake — lakini watoto walimwita Bibi Punda tu, naye aliitika.

Mwaka huu Punda anatimiza miaka hamsini. Mchapishaji anatoa toleo jipya, karatasi nene, picha za rangi. Bi Kimya amekuja kunipa habari. Ndiye mkutubi mkuu. Jina tumempa kwa sababu ya neno analolisema tangu tufungue mpaka tufunge. Mhariri anakuja kesho kuangalia nakala za zamani.

"Basi chumba chako kinuke kitu kingine zaidi ya gundi," kasema.

Kinuke nini? Mawaridi?

Jumanne, 4 Machi

Mhariri kaja. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Viatu vizuri, soli ya kushonwa kwa mkono. Mimi huanza na soli. Nilikuwa fundi viatu kabla; nilikuja hapa siku moja kushona kiti cha ngozi cha mkutubi wa wakati ule, nikaona vitabu vilivyochanika, nikaona aibu kuviacha. Mpaka leo natumia msharasi uleule wa kutobolea ngozi na mshono uleule. Vitabu vyangu havifunguki mgongo hata mtoto akivikalia. Na huvikalia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kaa hapo, hicho kiti kingine kina gundi."

Ana adabu. Nilianza kumpenda. Kisha akasema: sura ya saba inaondolewa!

Sura ya saba ni ile punda mzee anapofikisha barua ya mwisho, analala mlangoni, haamki. Wazazi wa siku hizi wanalalamika. Katika toleo jipya punda ataamka, atastaafu, atapewa kofia.

Kofia!

Nimemwonyesha ukurasa wa sitini na moja, pale punda anapolala, katika nakala sita. Ndio ukurasa niliotia viraka kuliko wowote katika jengo hili. Akasema labda watoto huuchana kwa kuuchukia. Si mjinga huyu. Nikamweleza: mtoto mwenye hasira huchana kuanzia juu, kwa mkupuo mmoja. Hapa pembe ya chini imelainika kama kitambaa, na weusi wa kidole gumba uko palepale katika nakala zote. Huo ni ukurasa uliorudiwa na kurudiwa.

Amepitisha kidole pale. Halafu akasema, taratibu, kama anaungama: "Mimi nilikipenda nikiwa mdogo. Nakumbuka punda alipewa maji kwanza. Nilipoajiriwa nikatafuta kwenye matoleo yote, hakuna maji. Anakufa na kiu. Nadhani niliota. Bora aamke kuliko vile."

Gundi ilikuwa inanikaukia kwenye kidole. Sikuifuta.

Hakuota.

Jumatano, 5 Machi

Niandike hapa maana sijawahi kuandika popote. Miaka ishirini na saba iliyopita ukurasa wa sitini na moja ulipotea katika nakala moja. Nikakaa na taipureta kuunakili kutoka nakala nyingine. Binti yangu alikuwa ametoka shule, ananingoja, anasoma juu ya bega langu. Akauliza: "Baba, katembea siku nzima na hapewi hata maji?"

Nikapiga sentensi moja ya ziada: Akaletewa ndoo ya maji, akanywa mpaka akatosheka, ndipo akalala.

Fundi viatu kamsahihisha mwandishi mwenye medali. Binti alifurahi, nami nikatia ukurasa kitabuni, nikashona.

Nimempigia binti simu leo. Yeye sasa mhasibu. "Mimi, baba? Sikumbuki kabisa." Ndiyo shukrani ya watoto.

Lakini Bibi Punda aliiona ile sentensi. Kila Alhamisi alikuja kukaa kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti usawa wa kidevu. Hakusoma. Alitazama watoto wanaposoma, nani anasinzia na ukurasa gani. Alikuwa karani wa posta kwa miaka kumi na minane, akiandika hadithi nyuma ya fomu za telegramu, na mpaka uzeeni penseli ilikaa sikioni. Alhamisi moja alikuja chumbani kwangu na kile kitabu mkononi.

"Nani kampa punda wangu maji?"

Nikasimama kama mtuhumiwa. "Mimi, mama. Binti yangu aliuliza."

Akakaa. Akasoma tena. "Nimemtwika barua huyu mnyama sura saba, sikukumbuka kama ana koo." Akachukua penseli, akakata maneno yangu mawili, akaiandika upya sentensi pembeni. Akanirudishia. Nikauliza kama ataliambia shirika la uchapishaji. "Thubutu! Nikiwaambia nimebadilisha neno moja, watabadilisha mia. Hicho kibaki chako na changu."

Kikabaki. Kikaazimwa. Sikukiona tena.

Nikisema, ni neno langu tu dhidi ya marehemu. Na kosa lenyewe ni kuchezea kitabu cha maktaba. Nikinyamaza, punda anavaa kofia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepekua rafu zote. Nimepekua ghala, nikapiga chafya kumi na tisa. Hakipo. Bi Kimya kaniuliza natafuta nini, nikasema panya. Kosa kubwa! Akafunga chumba cha kusomea, akapanda juu ya meza, akawa anasema "kimya" kwa panya asiyekuwepo.

Daftari la zamani la kuazima linasema nakala namba nne: haikurudishwa. Aliyeazima hajulikani, wino umelowa maji.

Mke wangu kasema: "Wewe unajua ukweli na unatafuta ruhusa ya kuusema. Kwa nani? Kwa rafu?" Nimeoa mwanamke mkali. Siku zote najisifu nilimchagua. Yeye anasema alinihurumia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimesema.

Nilikwenda ofisini kwa mhariri mwenyewe, na shati la kwenda kwenye mazishi. Nikamwambia yote: taipureta, binti, ndoo, penseli. Sikukaa. Nikamalizia: "Kwa hiyo hukuota. Ulisoma kitabu nilichokiharibu mimi. Ukitaka kunishitaki kwa mkutubi, anwani unaijua."

Nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu. Halafu akacheka — kicheko cha kuficha machozi, kinachotokea puani.

"Fundi, na mimi nina langu. Kile kitabu nilikiiba."

"Namna gani?"

"Sikukirudisha. Nilisema niliota ili usiniulize nilikisoma wapi. Niliogopa nikikirudisha watanipa kingine ambacho punda hanywi, kama kile cha shuleni. Kipo kwa mama yangu, kwenye sanduku."

Tukabaki tunatazamana, wezi wawili wa kitabu kimoja, kila mmoja anangoja mwenzake aite polisi.

Jumamosi, 8 Machi

Amekileta! Kimefungwa kwa taulo kama kichanga. Niliujua mshono wangu kabla hajakifungua — mshono wa viatu, fundo kwa ndani. Miaka ishirini na saba na uzi haujalegea. (Hili nalisema kwa shajara tu; hadharani ningesema ni bahati.)

Ukurasa wa sitini na moja. Herufi za taipureta yangu, ile herufi e imekatika mkia. Na pembeni, penseli imefifia lakini inasomeka:

Akaletewa ndoo ya maji, akanywa taratibu, kama asiyechelewa tena popote, ndipo akalala.

Mhariri alikuwa anadhani ni mtoto mtundu aliyeandika. Hakujua ameficha mwandiko wa Bibi Punda sandukuni kwa mama yake.

Nimesoma mara tatu. "Kama asiyechelewa tena popote." Mimi niliandika "mpaka akatosheka". Hapo ndipo utajua nani fundi wa kushona vitabu na nani fundi wa kuvitunga. Sina wivu. Kidogo tu.

Bi Kimya kasimama mlangoni, kasikia kila kitu. Mimi na mhariri tukanyooka kama watoto wa shule. Akakichukua kitabu, akatazama muhuri, akamtazama mhariri.

"Namba nne," akasema. "Wewe mtoto, nimekutafuta."

Halafu akakumbatia! Kitabu, si mhariri. Mhariri alipewa mkono.

Jumapili, 9 Machi

Kupumzika. Mke wangu kawasimulia majirani wote. Kufika jioni, kwa masimulizi yao, nilikuwa nimeandika nusu ya kitabu.

Jumanne, 11 Machi

Mhariri kashinda upande wake: wakubwa wa shirika wamekubali sura ya saba ibaki. Kofia imetupwa! Alipiga simu, nikaisogeza mbali na sikio kwa kelele zake. Lakini sentensi ya maji ni jambo jingine. Hawawezi kuongeza neno bila mrithi, na mrithi ni mpwa wa marehemu. Nimewahi kumwona mazishini. Mpimaji ardhi. Anapenda mipaka. Mhariri anasema ameshakataa filamu mbili na kikombe chenye picha ya punda.

"Bila maji," kasema mhariri, "wazazi watalalamika tena, na mwakani watarudi na kofia."

Mpwa anakuja Ijumaa. Maktabani. Kwa ombi lake.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nimesimama kwenye korido, daftari juu ya rafu ya ensaiklopidia. Wamenitoa nje.

Mpwa alikuja saa nne kamili, na mkoba wa ngozi uliofunguka mshono pembeni. Nilijizuia. Hakusalimia sana. Akauliza nani fundi. Nikasimama.

"Ni wewe uliyeongeza maneno kwenye kitabu cha shangazi yangu?"

"Ni mimi, bwana."

"Bila kumuuliza?"

"Bila. Aliniuliza yeye."

Bi Kimya akakohoa. Mhariri akaweka namba nne mezani, ukurasa umefunguliwa. Mpwa akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. Akatoa barua za shangazi yake mkobani, akalinganisha herufi moja moja, kama anapima kiwanja. Watoto walikuwa wamejaa dirishani kutoka chumba cha kusomea na, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Bi Kimya hakusema kimya.

"Hii k ni yake," mpwa akasema. Halafu kwa sauti nyingine, ndogo: "Hakuniambia."

"Alisema kibaki changu na chake," nikamjibu. "Nisamehe, bwana. Nimekitoa kwa sababu kulikuwa na kofia."

Akaomba nitoke. Si kwa ukali.

Mlango huu ni mwembamba. Namsikia. Anasoma sura ya saba kwa sauti, tangu mwanzo, na si mhariri aliyemwomba. Anasoma vibaya, kama anasoma hati ya shamba. Sasa barua ya mwisho. Sasa mlango. Amesita.

Amesoma ndoo. Amesoma "kama asiyechelewa tena popote".

Amekohoa. Amerudia, na safari hii amesoma vizuri.

Mhariri anasema kitu, simsikii. Mpwa anamkatiza: mchoraji ni nani? Ndoo ikae upande gani wa punda?

Mtu haulizi ndoo ikae wapi kama hana nia ya kuiweka!

Mlango unafunguliwa kidogo. Kichwa cha Bi Kimya, macho mekundu: "Fundi! Anauliza — ndoo yenyewe ya bati au ya mbao?"

Sikuandika. Bibi Punda naye hakuandika. Miaka ishirini na saba, na sijawahi kujiuliza. Wote watatu vichwa vimenigeukia, na dirisha zima la watoto.

Naingia.