Mchanga Mweupe wa Mkuyuni

Jumatano. Tangu asubuhi mlima umejifunika wingu, na manyunyu haya hayaishi wala hayawi mvua. Nimekaa hapa intaneti kafe, viatu vimelowa chepechepe. Sina ninayemwandikia. Naandika tu ili kichwa kipumue.

Amebaki samaki mmoja.

Kwa atakayepita kwenye ukurasa huu bila kunijua: mke wangu Zuhura alipigwa na kiharusi mwaka jana. Upande mmoja umelala, maneno yameondoka. Kitu pekee tulichoamini bado kinamfikia ni tangi la samaki lililo mbele ya kitanda chake. Alilinunua mwenyewe, enzi zile soko huria limeingia na vitu vya nje vimejaa madukani, mimi bado nina kazi kiwandani, kabla mwekezaji hajaja na kufuli lake. Nilimcheka. Nikamwambia samaki wa kutazama ni mambo ya kizungu, samaki ni wa kuliwa. Akanijibu, "Basi wewe kula, mimi nitatazama."

Ndicho anachofanya sasa. Macho yake hayabanduki pale. Nikimwita hageuki, ila tangi analitazama, na mimi nimeng'ang'ania hapo hapo. Daktari ana maneno yake. Mimi nasema mtu anayetazama samaki bado yupo.

Mwezi uliopita shemeji yangu Tatu, dada yake Zuhura, alikuja kutusaidia usafi wa sikukuu. Akauona mchanga wa chini ya tangi, ule wa kahawia wa mto Morogoro, akakunja pua. "Shemeji, mgonjwa unamtazamisha tope?"

Likanichoma. Nikapanda hadi Mkuyuni, nikamkuta mama mmoja anaponda mawe kando ya barabara, na pembeni yake rundo la mchanga mweupe pee. "Chukua huu baba," akasema, "ndio wanaotengenezea sakafu za terazo na kupambia makaburi." Nikabeba kiroba kizima. Nikauosha mpaka maji yakatoka safi. Sisi tena! Kitu kikiwa cheupe tunakiita kisafi, hatuulizi zaidi.

Kumbe ni marumaru iliyosagika. Chokaa tupu.

Samaki hawa wadogo wenye mstari wa buluu ubavuni wanataka maji laini, yenye uchachu kidogo, kama haya yanayotushukia kutoka Uluguru. Marumaru inayeyuka polepole, inaua ule uchachu, maji yanakuwa magumu. Na mimi nimefanya kazi idara ya kutia vitambaa rangi, ambako hatukugusa rangi kabla ya kupima maji! Lakini nyumbani nani anapima? Wakaanza kufa mmoja mmoja. Nikalaumu chakula, nikalaumu kukatika kwa umeme, nikamlaumu hata Tatu na udi wake.

Leo ndipo akili ikanirudia. Nimekamua ndimu juu ya kijiko cha mchanga ule, ukachemka kama soda. Nikakaa chini pale pale jikoni. Nilijiona mjinga wa kutupwa.

Jirani anayejenga alinipa mchanga wake wa Dumila. Mzuri, chembe zake sawasawa, lakini nao ulitoa povu kidogo, nadhani umechanganyika na saruji. Nikamrudishia. Nikashuka mtoni, nikazoa ule ule wa kahawia. Nikaukamulia ndimu. Ukatulia kimya, hata kipovu kimoja. Hilo ndilo tope la shemeji.

Mchana nikamhamishia samaki kwenye ndoo jikoni. Nikachota maji yote, nikauzoa mchanga mweupe kwa bakuli mpaka tangi likabaki kioo kikavu. Nikageuka kumwambia Zuhura avumilie kidogo, samaki wake anarudi sasa hivi.

Alikuwa anatazama.

Macho pale pale, vile vile, kwenye kioo kisicho na maji wala samaki. Nikapitisha mkono mbele yake. Halafu nikafanya jambo ambalo heri nisingelifanya: nikamgeuza kichwa, taratibu, upande wa dirishani. Akatazama dirisha. Vile vile.

Tatu, aliyebaki kutusaidia tangu sikukuu, alikuwa mlangoni na beseni la maji ya kumwogeshea. Alishaona. Akaliweka beseni chini, akajiziba mdomo kwa kanga, akatoka uani. Mimi sikuwa na pa kutokea.

Nimeuweka mchanga wa kahawia. Nimejaza maji, samaki nimemrudisha polepole ili asishtuke, na anaogelea. Zuhura nimemgeuza akae kama alivyokuwa.

Kesho nitapunguza maji kidogo na kuongeza mengine ya mlimani, maana ndivyo samaki anavyotaka. Zuhura anataka nini, sijui. Sijui kama bado kuna wa kutaka.