Safu ya Wanaosahau

Jumatatu, 3 Machi
Fomu za wazee tangu asubuhi. Safu ya ulemavu ipo. Ya kisukari na presha ipo. Ya kusahau hakuna. Waliopoteza kumbukumbu tunawaandika "uzee", basi. Mkuu wa idara anataka rasimu ya mpango wa wazee kabla ya kikao cha madiwani tarehe 13. Maafisa ustawi wa jamii tuko wawili. Mwenzangu yuko likizo ya uzazi.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda Chekereni. Majirani wamemshtaki Rehema kwa mtendaji wa kijiji: akienda kupandikiza mpunga anamfungia baba yake ndani. Ni kweli. Kufuli nimeliona. Mzee Yohana alikuwa kitandani, msafi, ameshiba. Hajui kama ile ni nyumba yake. Mwaka jana alitoka akatumbukia mferejini, wakamwahi watu wa zamu ya kumwagilia mashamba.
Nilimweleza Rehema kuwa kumfungia mtu ni kosa. Hakubisha. Aliuliza tu, "Nikienda shamba, nani anamshika? Nikimshika, nani analima?"


Alhamisi, 6 Machi
Mkuu anasema Rehema apelekwe polisi, iwe fundisho. Nimeomba tungoje kikao kipite. Amekubali shingo upande.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepanda Kilema, mlimani, kumwona mama. Sikutoa taarifa. Dada Adelina, anayeishi naye, alikuwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe. Mlango umefungwa kwa nje, kwa waya. Mama yuko ndani, anagonga taratibu, kama mgeni anayebisha hodi.
Nikafungua. Dada akarudi na mzigo kichwani, akanikuta nimeshika ule waya. Alitua mzigo, akaingia jikoni. Tulikula mtori wa ndizi, nikashuka.
Kila Jumapili nampigia dada simu. Kila Jumapili ananiambia hawajambo. Nami naridhika.
Nina aibu. Na hasira, sijui ya nani.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefuta kurasa mbili za maneno mazuri. Yamebaki mambo matatu. Safu ya wanaosahau kwenye fomu. Wahudumu wa afya wa vijijini wafundishwe kuwatambua. Kila kata iwe na mahali wazee hao watashinda siku mbili kwa wiki, anayewatunza apate kupumua.

Alhamisi, 13 Machi
Kikao. Diwani mmoja alisema uzee si ugonjwa. Eti watoto wa siku hizi ni wavivu wa kulea, wanaofungia wazazi washtakiwe. Wengi waliitikia kwa vichwa.
Nilisimama bila kuitwa. Nikasema, "Basi muanze na dada yangu. Mama yetu anafungiwa ndani huko Kilema, na afisa ustawi ni mimi."
Kisha diwani mwingine, mama wa makamo, akasema bila kuinuka kwamba mumewe naye amefungiwa saa hizi.
Safu imepita. Mafunzo yamepita. Mahali pa kushinda wazee ni kituo kimoja tu, cha majaribio, Chekereni. Kata nyingine zingoje. Mkuu amenirudishia faili la Rehema. Polisi hakuwataja tena.

Ijumaa, 14 Machi
Dada amepiga. Maneno ya kikao yamefika Kilema kabla yangu. "Umenianika," alisema. Akakata.
Ana haki. Sikumwomba ruhusa.

Jumanne, 18 Machi
Nimempigia mara nne. Hapokei. Fomu mpya zimetoka kwa mchapaji. Safu ni nyembamba, lakini ipo.

Jumamosi, 22 Machi
Nimepanda Kilema asubuhi na mapema. Nilimwomba dada radhi, mlangoni, kabla ya kukaa. Alisikiliza. Nikamwambia Jumamosi zote ni zangu sasa, aende anakotaka. Hakwenda popote. Aliingia chumbani akalala mpaka saa tisa alasiri.
Mama na mimi tulimenya ndizi nje. Mvua ikaanza kunyunya, tukahamia barazani. Alinitazama muda mrefu, kisha akainamisha kichwa kwa adabu.
"Shikamoo," akasema.
Nikamwitikia marahaba. Tukaendelea kumenya.