Ubavu wa Kushoto

Pate, Jumapili,
mwezi ishirini Mfunguo Pili

Dada yangu Bi Umulkheir,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakusalimu kwa idadi ya nywele zilizobaki kichwani mwangu, na kwa kuwa si nyingi, nakuongezea za ndevu. Natumai magoti yamekupa nafasi ya kusali ukiwa umesimama, na kwamba mke wa mwanao huko Mombasa bado anakutilia kwa wizi sukari kidogo ndani ya chai, ingawa daktari amekataza. Kama ameacha, niambie nimtumie salamu kali. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Meno yamesalia manne, nayo hayatazamani, kwa hiyo kazi yao ni kucheka tu.

Barua hii anakuletea Mwalimu Hesbon, anayekwenda likizo kwao bara na atapita Mombasa. Uustahimili mwandiko. Wajua nilifika darasa la nne, na hilo la nne lenyewe niliingilia dirishani. Ningekupigia simu, lakini wewe simu huisikii vyema. Nawe hapo utaguna, maana wanijua nikitafuta kisingizio. Ukweli ni kwamba kuna jambo ambalo mdomo wangu huu, uliozoea kusema kila kitu mbele ya kila mtu, umeshindwa kulisema.

Jirani yetu Rumaisa alipokuja kutoka huko alinipa ujumbe wako. Alisema unauliza kwa nini Nadra hapokei simu zako, na umemkosea nini mtoto uliyemlea kwa mikono yako. Alisema ulipouliza hivyo ulikuwa unalia. Nitakujibu, dada. Lakini niache nianzie mbali kidogo, nipate pumzi.

Wajua kwamba mimba hii ya mjukuu wangu Nadra ilikuwa ya tatu, na mbili za kwanza zilitoka. Mwezi wa tano wa mimba, Bi Valary, yule nesi wa bara aliyeletwa kwenye zahanati yetu, alimpima akakuta presha imepanda, na miguu imevimba hata ndara hazimwingii. Akamwambia aache kazi, na si kupunguza, kuacha. Asiiname tena juu ya tanuri la mofa, asibebe unga, asisimame juani Mtangawanda kuwauzia mikate abiria wa boti. Alale, na akilala alalie ubavu wa kushoto. Mwezi wa nane ukiingia ahamie Amu, awe karibu na hospitali.

Nadra alitii. Tanuri ulilomfundishia kazi wewe mwenyewe likapoa, paka akahamia ndani na wanawe. Nami nikakosa mkate wangu wa asubuhi.

Basi mimi nikafanya nini? Nikafanya nilichozoea kufanya. Nesi nikampa jina, Bi Ubavu wa Kushoto, na hadi leo watu wanamwita hivyo, maskini, naye anaitika. Nadra nikamwita Malikia. Barazani nikawaambia wazee wenzangu kwamba kwangu sasa kuna malikia, hateremki kitandani ila kwenda chooni, na hata huko anataka tarishi amtangulie. Wakacheka hadi Bwana Musab akapaliwa na kahawa. Nikirudi nyumbani nilimkuta amelala ubavuni, anapinda winda za mtoto alizozikata katika kanga zake za zamani. Alikuwa ametia mkoba tayari: kadi ya kliniki, kanga mbili, sabuni, vijikofia vya mtoto. Mkoba ukatundikwa msumarini, nyuma ya mlango. Yassir, mumewe, ambaye wiki nzima huwa kwenye kazi ya boti huko Ras Kitau, aliandika kwa chaki juu ya mlango nambari ya mtu wa boti ya kasi. Nikamuuliza Nadra kama safari hiyo ni ya Hija, na kama atahitaji mzee wa kumbebea maji ya zamzam. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya tano alinigeuzia uso ukutani. Nami nikamwambia huo sasa ni ubavu wa kulia, nitamshtaki.

Usidhani sikujua, dada. Mimi ndiye niliyemzika Asmaa, binti yangu, siku ile ile aliyomzaa Nadra. Wewe ndiye uliyemtwaa mtoto mikononi mwangu ukamlea. Kila nilipomwona Nadra amelala mchana, niliona mwingine pale kitandani. Mtu mwenye akili angechukua tasbihi. Mimi nilichukua mzaha, kwa kuwa ndio ninaoujua.

Kisha ikaja arusi ya mwana wa Musab. Tukiwa barazani mtu akauliza mikate ya mofa itatoka wapi, na Musab akasema, tena kwa sauti ya upole ile inayochoma, kwamba zamani ingetoka kwa Dawud, lakini nyumba ya Dawud siku hizi haitoi moshi. Wajua hapa kwetu neno hilo lina uzito gani. Nyumba isiyotia mkono katika arusi ya jirani ni kama imekwisha hama. Damu ikanipanda. Nikasema mbele ya wote kwamba Alhamisi mikate mia mbili itatoka kwangu, tena ya moto, na Musab atafute watu wa kuibeba.

Nilisema kwanza, ndipo nikaenda nyumbani kumweleza mpikaji.

Nadra alinijibu kwa adabu. Akasema nimsamehe, mimi babu yake, Bi Valary amekataza, na Yassir pia. Akasema atamwomba Bi Umi wa mtaa wa pili apike kwa niaba yetu. Mimi sikumtaka Umi. Mikate ya Umi ina chumvi kama imekandwa ufuoni. Nikanuna, nikasusa chakula, nikalala njaa kama mtoto. Kesho yake, siku ya Jumatano, nikaingia chumbani kwake nikasema naye maneno machache, na Alhamisi alfajiri akainuka akawasha tanuri. Maneno hayo nitayarudia. Subiri, nakuomba.

Alipika tangu alfajiri hadi karibu na adhuhuri. Mimi nilikaa barazani nikipokea sifa, moshi wetu ukionekana mtaa mzima. Alikuwa amefika mkate wa tisini na kitu aliposema anaona nyota na kichwa kinampasuka. Wanawake wakamwambia akae. Alipogeuka kutafuta kiti alianguka, mkono ukagusa tanuri, na mwili wote ukaanza kurushwa. Nilisikia ukelele nikafikiri ni vigelegele. Dada, nilitabasamu.

Bi Valary alikuja mbio, buibui la mtu begani na dawa mkononi. Akasema ni kifafa cha mimba, akamdunga sindano, akauliza nambari ya boti, na nambari ikawa juu ya mlango. Akauliza kadi, na kadi ikawa mkobani. Kila kitu nilichokicheka kilikuwa mahali pake. Tukampakia kwenye pikipiki ya kubebea mizigo hadi Mtangawanda, na kutoka hapo boti ya kasi hadi Amu, nesi amemshika njia nzima, amemlaza ubavu ule ule wa kushoto. Hakunitazama hata mara moja. Wala mimi sikuwa na la kuchekesha.

Walimpasua jioni ile. Alitoka mtoto mwanamke wa miezi saba na wiki mbili, kilo moja na nusu, mdogo hata nikaona haya kumtazama. Nadra hakujijua kwa siku mbili. Yassir alikuwa mbioni kutafuta watu wa kutoa damu. Basi muuguzi akaniambia mtoto hana joto la kutosha, anatakiwa kifua cha mtu, nami nivue shati. Nikamwambia kifua changu kina mvi na harufu ya tumbaku. Akasema kina joto, hilo ndilo analolitaka. Wakanifunga naye kwa kanga, ngozi kwa ngozi, kati ya wanawake waliojifungua, nami nimekaa pale kama kuku anayelalia yai moja. Walinicheka, na walikuwa na haki. Siku mbili nilimsikia anapumua juu ya moyo wangu, anasita, anapumua tena. Kila aliposita nilisema, ya Rabbi, nichukue mimi, huyu hajatia neno lolote duniani.

Nadra alipozinduka, Yassir alimuuliza nani aliyemtoa kitandani. Nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni. Nadra akajibu kwamba ni Bibi yake wa Mombasa. Nami nikanyamaza.

Sasa dada, haya ndiyo maneno ya Jumatano. Niliingia kwa Nadra nikamwambia umenipigia simu. Nikasema umesikia anajifanya malikia kwa mimba yake, jambo ambalo mama yake Asmaa hakulifanya, na umesema hukumlea mtoto ili aje alale tu nyumbani akutie aibu. Nikasema umemwamrisha ainuke apike mikate ya arusi, na kama hapiki, asikuite Bibi tena. Nilikutaja wewe kwa sababu nilijua mimi angenikataa, lakini wewe hajawahi kukukatalia. Nilijua pia kwamba hatakupigia kukuuliza, kwa kuwa ulimfunza mwenyewe kwamba neno la mkubwa haliulizwi mara ya pili. Nilitumia malezi yako kama mtu anavyotumia ufunguo wa kuiba.

Hukumkosea chochote. Hukusema chochote. Ni mimi.

Nadra na Yassir walikuwa wameafikiana tangu mwezi wa nne kwamba akiwa wa kike ataitwa Umulkheir. Sasa Yassir hataki jina hilo litajwe. Akika iliahirishwa kwa sababu mtoto alikuwa hospitali, cheti chake bado hakijaandikwa, na Yassir amechagua Sundus. Ni jina zuri. Lakini kila wakilitamka nakumbuka ni mimi niliyekung'oa wewe pale.

Wamerudi nyumbani wiki moja sasa. Mtoto amefika kilo mbili na robo na ananyonya kwa hasira. Nadra ana kovu la moto mkononi, presha yake bado inatazamwa, na hapiki. Mimi ndiye ninayepika. Wewe cheka tu. Musab ananipitia asubuhi na kusema nyumba yangu inatoa moshi mweusi. Nachochea kuni tu.

Sitaifunga bahasha hii. Nitaiweka juu ya mto wa Nadra kabla ya kumpa Mwalimu Hesbon, aisome yeye kwanza. Nimejaribu mara tatu kumwambia kwa mdomo, na mara zote tatu ulitoka mzaha. Akiona haifai kukufikia, ataichana, na utajua kwa kutoipata. Sikuombi unitetee kwake. Nakuomba usimhesabie ukimya wake, maana hakuwa anakunyamazia wewe, bali maneno yangu.

Nisalimie wanao wote, wakubwa na wanaotambaa, na huyo mkweo wa sukari. Umi anakusalimu, na Bi Valary pia, aliyesikia ulivyomlea Nadra akasema angependa kukuona. Mimi najisalimisha kwako nikiwa mdogo wako kama siku ile nilipovunja mtungi wako nikasema ni mbuzi.

Ndugu yako aliyekutia mdomoni maneno usiyoyasema,
Dawud

Naongeza haya leo Jumatatu baada ya alasiri. Nadra ameisoma barua. Aliisoma akiwa ameketi, akairudia, kisha akaitazama ile chaki iliyo juu ya mlango. Hakunitukana. Ningependelea anitukane. Alimwita Yassir wakasema chumbani, sikusikia walilosema, nami kwa mara ya kwanza maishani sikutega sikio. Alipotoka aliniwekea mtoto mapajani, akaniambia kesho nitapanda boti ya asubuhi mimi mwenyewe, nikapange foleni na wanawake, nikamwandikishie mtoto cheti. Nikamuuliza niandikishe jina gani. Akasema jina ninalijua, niliwahi kulitumia kumtoa kitandani. Kisha akaingia ndani akalala, na nilipochungulia alikuwa amelalia kushoto.