Maswali kwa Coach Kalenga

Kikula, Likasi, Jumamosi

Kwako yaya wangu Hénoc, kaka yangu mkubwa,

Pokea yambo yangu na ya watu wote wa nyumbani, hata ya yule kuku mweupe uliyemwacha, ambaye amezeeka lakini bado anagombana na wenzake. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kolwezi, na kwamba kile kikohozi cha vumbi kimekuachia. Sisi tunapumua. Umeme unakuja ukijisikia. Mama angali anauza samaki wakavu wa Mwadingusha. Mimi sina homa wala kichwa hakiniumi, ila nimechoka, uchovu ambao usingizi hauuondoi. Ndiyo sababu nakuandikia kwa kalamu, Magloire dereva akuletee. Simu ninayoshika ni ya Baba, na nyumba yetu unaijua: ukikohoa chumbani, wanakuitikia sebuleni.

Ulipoondoka, Baba alikuwa bado na kazi kwenye machimbo ya mawe kule Kakontwe. Iliisha kabla ya mvua. Hakusema kitu, na Mama hakuuliza kitu. Kisha rafiki yake wa kanisa akampeleka Lubumbashi kwenye mafunzo, akarudi na cheti na jina jipya: Coach Kalenga. Mtu mwenye shida ya ndoa, ya kazi au ya kuogopa watu anakuja, wanakaa pamoja, Baba anamsikiliza na kumuuliza mpaka mwenyewe aone njia. Tulipaka kibao rangi tukakitundika. Papa Guy, jirani, alikisoma polepole kisha akasema: «Coach, tunacheza siku gani? Bachezaji bako tayari.» Tangu hapo anauliza kila akipita. Baba anacheka kwa meno tu.

Watu hawakuja. Ndipo Baba akakumbuka maneno ya mwalimu wao, kwamba coach asiyeandika ni duka lililofungwa. Kila Jumamosi atoe makala kwenye Facebook, watu waonje akili yake bure kabla ya kuilipia. (Nasema makala kama tulivyofundishwa shuleni. Mama aliposikia neno hilo aliuliza kama sasa tutauza makala, yale makaa ya kuwashia moto.) Baba anajua kusema, lakini kuandika kunamlemea. Akaniita, akasema mimi nimesoma Kifaransa na Kiswahili, basi niandike kwa zote mbili, yeye ataweka jina. Yaya, mimi ambaye mwalimu akinitaja naangalia viatu vyangu, niliandika «Namna ya kusema mbele ya watu bila kutetemeka». Noëlla, rafiki yangu, alicheka mpaka akakaa chini.

Kuandika kwenyewe si kitu. Kinachochosha ni kutafuta la kuandika. Niliandika juu ya uvumilivu, juu ya kuamka mapema, kisha kichwa kikawa kama sufuria iliyokwanguliwa. Nilikwenda kukaa kwenye meza ya Mama sokoni, nisikilize wanawake wakilalamikia waume, wakwe, na wateja wanaobonyeza samaki wote bila kununua. Nilipata makala humo, lakini niliona haya kuchukua maneno ya watu na kuyavalisha koti la Baba. Nilipomwambia nimekwisha, alisema mwalimu wao aliwafundisha kwamba makala zinazaliwa kwenye maswali ya wasomaji, nisome yale wanayotuma kwa siri kwenye ukurasa wetu. Yeye hayasomi, herufi ndogo zinamuumiza macho. Mimi namsomea makala ikiwa tayari, anabadilisha neno moja ili iwe yake, anasema tuma.

Wengi walikuwa wanatuma salamu tu. Lakini mmoja, aliyejiita Ua la Lufira, alituma maswali ya kweli. Aliuliza mke ampokee vipi mume anayerudi mikono mitupu, asimwaibishe. Aliuliza kama kunyamaza ni heshima au ni hasira. Nilimjibu, kisha nikageuza jibu kuwa makala, na hizo ndizo makala watu walipenda. Mume na mke wanaouza mafuta walikuja. Akaja mwalimu mmoja mjane. Baba akaanza kutembea ameinua kichwa, na mimi nikaanza kumsubiri Ua la Lufira kama mtu anayesubiri mvua.

Siku moja akaandika hivi: «Coach, bwana yangu kila asubui anaweka mabuti yake ya kazi ku mulango, kamba anafunga, ata kazi haiko tena. Nifagie pembeni yake, ao niyatoe?»

Yaya, nilikuwa nimekaa ndani, mlango mbele yangu. Mabuti ya Baba yalikuwa pale, kamba zimefungwa.

Ile simu ya kioo kilichopasuka ambayo Mama anasema ni ya kupigia wauza samaki tu, kumbe ndiyo iliyoandika maswali yale yote. Sikulia. Makala sikuandika, Baba angejua. Nilimjibu yeye peke yake, kwa jina la Baba: fagia pembeni, mama, mpaka siku atakayoyatoa mwenyewe, na asante kwa kuniuliza. Asubuhi yake nilimwona Mama akifagia pembeni ya mabuti, taratibu, akiimba ndani ya pua. Alimwekea Baba maji ya moto ya kuoga. Baba alishangaa, akaniambia maombi yanafanya kazi.

Unajua shibukombe, mtu wa kati anayepeleka maneno ya ndoa. Wa wazazi wetu alikuwa mzee Albert, na hata baada ya harusi, wakikwaruzana ni yeye aliyeitwa. Tangu tumzike hakuna aliyechukua nafasi yake. Mimi mtoto wao ndiye niliyeichukua, bila kuitwa na yeyote. Mezani walisema «chakula iko» na «aksanti», basi. Yaliyobaki yalipita kwangu, na Mama aliamini anaongea na mume wake.

Juzi akaandika tena: «Ule mabuti unayajua, Coach. Unaniandikia muzuri sana. Siku gani utaniambia na kinywa yako? Niko hapa munyumba.»

Hilo sikuweza kulijibu. Leo asubuhi Baba aliponiuliza makala iko wapi, nilifungua swali hilo, pamoja na majibu yangu yote yaliyotangulia, nikamtia simu mkononi, nikamwomba asome mwenyewe hata macho yakiuma. Nikachukua kidumu nikaenda bombani, maana sikuwa na moyo wa kusimama pale.

Niliporudi mabuti hayakuwepo. Mahali pake pamefagiliwa, vibaya, vumbi limesukumwa tu kando. Baba aliniuliza kama ndiyo mimi niliandika yote. Niliitika. Aliuliza kama Mama anajua. Nikasema hapana. Akasema: «Ulibeba muzigo ya batu bakubwa, Orpa.» Akavaa kandambili, akaelekea sokoni.

Hakuniambia atasema nini. Akimwambia Mama kwamba maneno mazuri yalikuwa ya mtoto, naogopa uso wa Mama. Asipomwambia, naogopa Jumamosi zote zinazokuja. Nimekusimulia wewe kwa sababu sina mwingine, na kwa sababu uko mbali huwezi kuniangalia.

Ugali wetu wa bukari umeiva, nimeupika mimi. Naandika hapa mlangoni, na sasa nawaona wanakuja. Baba ndiye amebeba beseni la samaki, mbele ya watu wote. Mama anasema kitu, Baba anasema kitu, sisikii ni nini na sijaribu kusikia. Papa Guy ameuliza lile swali lake, tunacheza siku gani. Mama ndiye amejibu: «Mumuache, amechoka.»

Msalimie Papy mnayeishi naye. Usinijibu haya kwa simu. Jumamosi ijayo haitakuwa na makala, nitalala.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Orpa