Shuka Iliyoingia Kwenye Wimbo

Norðurgil, Sandoy
2 Machi 1974

Mpendwa shangazi Elspa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Esbjerg, na goti limepunguza maumivu. Sisi tuko salama. Rannvá ametimiza miezi minne, anacheka na kila mtu, hata wasiostahili.

Shangazi, nimekasirika tangu Krismasi, na huku kila ninayemweleza ana upande wake.

Unajua Oktoba, siku ya kuteremsha kondoo, ukungu ulifunga na mume wangu Høgni akaacha nafasi yake ukingoni mwa jabali. Kondoo kumi na mmoja wakapita pale pale wakaanguka. Basi ilipofika Krismasi, Demmus, yule anayeongoza ngoma, akatunga wimbo. Jina hakutaja. Ubeti ulioniumiza ni huu:

Ukungu ukafunika mlima, mmoja akaacha mstari,
Ni nani aliyemwita? Mlima haukutoa habari.

Kila nyumba ikaja na tafsiri yake. Wengine wakasema maana yake ni woga. Wengine, ameitwa na watu wa chini ya mawe, yale mapepo ya mlimani, kwa hiyo akili zimeyumba. Sanna wa dukani akasema aliyemwita ni mwanamke, tena akanitazama wakati ananipimia sukari. Nikamuuliza ana maana gani.

“Mwanangu, wimbo haujataja mtu. Mbona wewe unatetemeka?”

Nilimfuata Demmus bandani kwake nikamwambia aseme alikusudia nini. Anachonga tu mti wake. “Mimi natunga, Sunnvá. Kuelewa ni kazi yenu.” Mtu mzima, shangazi. Anatupa jiwe halafu anauliza limeangukia wapi.

Na Høgni hataki kujieleza. “Nikijieleza nimekubali kwamba ni mimi,” anasema. Wakati huo wenzake wameshaanza kunong’ona kwamba mwaka huu hawatamweka tena ukingoni. Kwa mtu kama yeye, hiyo ni kama kuambiwa akae nyumbani na vikongwe.

Jumatatu ya ngoma kabla ya Kwaresima ikafika. Mila unaijua: wanaume wawili wakamshika Høgni mikono, mmoja huku mmoja huku, ili acheze wimbo wake mpaka uishe. Akikimbia ana hatia, akibaki wimbo unamganda maisha yote, na mwanangu baada yake. Mviringo ukazunguka, miguu ikapiga sakafu, watu wanaimba huku wanamtazama usoni. Alikuwa mweupe kama maziwa.

Nikamkabidhi mama yangu mtoto. Nikaingia kwenye mviringo, nikautoa mkono wa Demmus kwenye mkono wa jirani yake, nikaushika mimi. Ubeti wa mwisho ulipokwisha, kabla Demmus hajavuta pumzi, nikaimba wa kwangu. Shule yangu unaijua, lakini niliutunga wiki nzima nikiosha nepi:

Nilimwita mimi mkewe, kwa shuka nyeupe ukutani,
Rannvá alikuwa anakuja, na mkunga hakuwa nyumbani.

Ndivyo ilivyokuwa. Tulikubaliana: uchungu ukinianza, nitundike shuka ukuta unaotazama mlimani. Aliiona shuka wakati ukungu bado haujafunga vizuri. Wenzake hawakuiona, wakadhani mkunga aliitwa baadaye. Alimfuata mkunga kijiji cha pili kwa mbio.

Ngoma haisimami, shangazi, hiyo ndiyo bahati yangu. Walikuwa hawajamaliza kushangaa, miguu ikadai ubeti urudiwe, wakaurudia. Mara ya tatu wale wawili wakamwachia Høgni mikono, naye hakutoka. Akabaki anacheza.

Demmus hajaomba radhi, na mimi bado nina hasira naye. Lakini jana nilimsikia Sanna akiimba nyuma ya mizani, na ubeti wangu hakuuruka. Siku ya kondoo ikifika tutajua watamweka wapi. Mimi nina tumaini.

Mama anakusalimu sana, na mjomba Hanus pia. Nisalimie binamu Birita na watoto wake. Mungu akulaze salama na akuamshe bila maumivu.

Nilisahau jambo moja. Shuka ile ndiyo uliyonitumia harusini. Kwa hiyo kila wakicheza wimbo huu, hata kama uko mbali, nawe umo.

Binti wa kaka yako, akupendaye siku zote,
Sunnvá