Picha ya Mtu Asiyerudi

Shinyanga Mjini,
Julai, 1983.

Mdogo wangu Mwahija,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, wewe na shemeji yangu na wote walio uani kwako. Hujambo? Wajukuu hawajambo? Ule mguu ulioteguka ukienda kisimani umepona, au bado unaufunga khanga ukajiona umejitibu? Na mpunga wa Kahama mwaka huu umekubali? Huku kwetu tu wazima, ila sabuni imekuwa kitu cha kusimuliana, tunafulia majivu. Mimi mwenyewe nipo, ninakula, na nikipiga chafya jirani zangu wanaanua nguo wakidhani mvua inakuja.

Barua hii naiandika mwenyewe, usianze kuuliza ni nani kaniandikia. Kisomo cha watu wazima nilikimaliza na cheti nikapewa, wakati wenzangu wengine walishindwa na miwani wamevaa. Herufi zangu ni kubwa kwa sababu mimi si mtu wa mambo madogo madogo.

Barua yako nimeipata. Sabiti mwenyewe aliileta mfukoni mwake, bila kujua ndani yake unamsema yeye. Umeniagiza nimzuie mwanao asiende Geita kuchimba dhahabu. Umesema wewe na baba yake mmesema mpaka midomo imekauka, imebaki sauti ya mjomba. Nimekuelewa vizuri. Jibu lake nitalifikia, lakini nivumilie nianzie nyuma, maana nikiliandika hapa juu hutasoma yaliyobaki.

Kwanza ujue kwamba kaka yako siku hizi ni mwalimu. Usicheke. Pale kwenye nyumba ya makumbusho, ile ya sayansi na historia, nilichukuliwa niwe mlinzi wa mlango. Lakini Mwalimu Justa, yule mama anayepanga ziara za shule, aliposikia kwamba ujana wangu wote niliumalizia chini ya ardhi, aliniomba niache mlango niwaeleze watoto. Nikamwambia amechelewa kuniomba.

Basi shule zinakuja. Za mjini zinakuja kwa miguu, za Tinde na Samuye zinaletwa kwa trela la trekta, watoto wamejaa vumbi mpaka nyusi. Tumetengeneza ujia mrefu kwa mbao na mashuka meusi, ndio shimo letu la mgodi. Nawavika kofia za bati, nawasha taa ya kabaidi, ile ya gesi ya wachimbaji, nawaingiza wakiwa wameinama. Humo gizani nagonga chuma kwenye jiwe na kupiga ukelele wa kuonya kwamba mwamba unapasuliwa. Wallahi, Mwahija, hata walimu wao wanakimbia! Mwalimu Justa huniambia, Mzee Salehe, punguza, utaniulia wanafunzi. Watoto wananiita Babu Shimo. Wa Samuye nawaamkia Kisukuma, mwangaluka, nao wanacheka jinsi ninavyolivuta lile neno, wanasema Mswahili amemeza kiazi cha moto.

Tukitoka shimoni tunaingia chumba cha mwili wa binadamu. Humo kuna kisanduku chenye taa ndani, na mbele yake imebandikwa picha ya eksirei ya kifua cha mtu. Picha hiyo Bwana Herman, mkuu wetu, aliiomba hospitali ili watoto wajifunze habari ya mapafu. Akaambiwa ziko za wagonjwa wasiorudi, achague. Akachagua moja ya mchimbaji, akaniambia, mzee, huyu ni mchimbaji mwenzako, hakurudi. Mimi nikajua basi, marehemu. Kule shimoni tukisema fulani hakurudi, watu walikuwa wanavua kofia. Hata Bwana Herman alielewa hivyo hivyo.

Kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha watoto kwa fimbo. Hapa ndipo hewa inapoingia, hapa penye madoa meupe kama mtama uliomwagika ni vumbi la mawe, nalo likishaingia halitoki. Na ili wasisinzie nilimtia marehemu chumvi. Nilisema huyu alikuwa mtu mbishi, daktari alimwita akajifanya hasikii, kazi yake kujisifu vilabuni kwamba kifua chake ni ngoma ya mtemi. Watoto walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nilijitungia tu, Mwahija. Sikuwa namjua mtu yule.

Siku moja ikaja shule ya Samuye. Binti mmoja mwembamba, jina lake Zipora, akanyoosha kidole akauliza marehemu alimeza nini, maana kando ya uti wa mgongo pana kitu cheupe, chembamba, chenye ncha. Wenzake wakamzomea, wakasema ni mwiba wa samaki. Mimi ni mtu wa majibu, unanijua. Nikasogea na fimbo yangu nimjibu. Fimbo ikasimama juu ya ncha ile, nikaitambua.

Unaikumbuka sindano ya mama? Siku ile anatushonea hirizi zetu, ngozi ikawa ngumu, sindano ikakatika. Akasema iliyokatikia kwenye maneno ya Mungu haitupwi. Nusu yenye tundu akaishonea ndani ya hirizi yako, nusu yenye ncha ndani ya yangu. Ulilia kwamba mimi nimepewa kali na wewe umepewa butu.

Mwaka juzi nilikwenda hospitali kwa kile kikohozi nilichokuandikia kwamba ni cha vumbi la pamba. Bwana wa mashine akaniamuru nivue kila kitu kifuani. Shati nilivua. Hirizi sikuvua, hajazaliwa mtu wa kunivua hirizi ya mama. Niliizungusha mgongoni, nikijua mashine nayo inaona ya mbele tu kama sisi. Wakasema nirudi wiki inayofuata kuchukua majibu. Foleni ilikuwa ndefu, na mimi si mtu wa kukaa benchi moja na watoto wanaolia. Sikurudi.

Basi asiyerudi ni mimi, Mwahija. Marehemu niliyekuwa ninamcheka kwa fimbo ni mimi.

Nilimwambia yule binti ni mwiba wa samaki, wakafurahi, wakapanda trela lao wakaenda. Kesho yake nikarudi hospitali bila kumwambia mtu. Daktari alikuwa mpole, na upole wake ndio ulioniogopesha. Alisema mawe niliyovuta hayana dawa ya kuyatoa, na kifua kitazidi kubana. La kufanya ni nikae mbali na vumbi. Nikamuuliza katika Shinyanga hii vumbi halipo wapi, nihamie ndani ya mtungi? Akainamisha kichwa akaandika.

Siku chache baadaye ndipo Sabiti akashuka na barua yako. Nikasema moyoni, Mungu amenipa ushahidi kabla ya kesi. Maneno ya mjomba anaweza kuyabishia, lakini kifua cha mjomba kiko ukutani kinawaka taa. Nikamchukua mpaka makumbusho, nikamwingiza katikati ya watoto wa shule ya Tinde, akavaa kofia ya bati na ndevu zake, akainama shimoni pamoja nao. Tulipofika kwenye picha nilisimama wima, nikawaambia watoto kwamba mtu huyu hakufa, mtu huyu ndiye mimi ninayesema.

Wakanitazama mimi, wakaitazama picha. Nikasema moyoni limeingia. Mara mtoto mmoja nyuma akasema kwa adabu zote, shikamoo, marehemu. Mwahija, chumba kilipasuka. Mwalimu Justa alijifunika mdomo kwa daftari. Na mimi, kwa mazoea ya ulimi wangu, nikaitika marahaba kwa sauti ile ile ya shimoni, vioo vikatetemeka. Sabiti alicheka mpaka akakaa chini.

Watoto walipoondoka nilimshika mkono, nikamsemesha taratibu, nikamtaja mama yake, nikamtaja bibi yake kaburini. Alinisikiliza, hana kiburi, umemlea vizuri. Halafu akasema, lakini mjomba, wewe si ndiye uliyepiga ukelele sasa hivi walimu wakakimbia? Wewe si una nyumba ya bati kwa dhahabu hiyo hiyo, na tangu niko mdogo unatusimulia kwamba hakuna mwanamume Kahama nzima aliyekufikia? Kama hivi ndivyo ugonjwa ulivyo, basi mimi naomba hata nusu yake.

Kila alichosema nilimfundisha mimi.

Asubuhi nikamsindikiza stendi. Njiani pumzi iliniishia. Hapo ndipo ningekaa chini, nikahema mbele yake, akaona kwa macho yake. Mdogo wangu, nilishindwa. Niliinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Mbele kidogo nikainama tena. Akanicheka, akasema mjomba viatu vyako vinakusumbua, nunua vingine, nikipata dhahabu nitakuletea. Nikasema lete vya ngozi. Basi la Geita likaja akapanda.

Kwa hiyo jibu la barua yako ni hilo. Ameenda. Sikumzuia.

Bado kuna moja, na usinikasirikie. Dirishani pale nilivua hirizi ya mama, ambayo mashine ya hospitali haikunivua, nikamvalisha shingoni. Alifurahi, akadhani nimempa baraka ya kupata dhahabu, na naona hata watu wa stendi walidhani hivyo. Sikumpa imkinge. Mimi mwenyewe ilinilinda na nyoka na mwamba unaoanguka, vumbi ikaliacha lipite. Nimempa ili siku wakimbandika ukutani na yeye, wakasema ni wa mtu asiyerudi, ujue ncha ile ni ya nani, na ile yenye tundu iko kwako.

Alhamisi wanakuja tena watoto wa Samuye. Bwana Herman ameniambia kama naona uchungu picha ataishusha. Nimemkatalia. Mwalimu Justa ameniambia nisipige ukelele tena, nimekataa pia, ila sasa naupiga nikiwa nimeegemea mbao.

Nisalimie shemeji, umweleze taratibu, usimweleze wakati wa kula. Wasalimie majirani wote, na Paskalia muuza vitumbua umwambie nimekuwa mwalimu. Zile habari nyingine zibaki kwako. Ukimwandikia Sabiti umkumbushe kujifunga kitambaa mdomoni, labda wewe atakusikia.

Kaka yako anayekupenda,
Salehe Fikirini,
Mwalimu wa Makumbusho.