Swala wa Maingi

Buruburu, Nairobi
17 Aprili 1983

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Kifua kinaendeleaje tangu mvua zianze? Na Mama, goti limepata nafuu? Mimi ni mzima, kazi ya kupiga taipu inaendelea, na jirani yangu Shamis anakusalimu ingawa hamjaonana.

Huyo Shamis ndiye aliyenipeleka kwao Lamu sikukuu ya Pasaka. Siku moja tulitembea hadi kijiji cha shangazi yake, upande wa pili wa kisiwa. Baba, sijawahi kusikia kimya kama kile! Hapa redio ya jirani ndiyo inayoniamsha. Kule hakuna gari hata moja. Punda akipita mchangani humsikii mpaka akusukume kando. Nilijikuta nanong'ona kama niko kanisani, Shamis akanicheka mpaka akakaa chini.

Halafu nikauona mlango. Nyumba ya kawaida tu, lakini mlango wake umechongwa maua kuanzia juu hadi chini, na hakuna ua lililokosea nafasi yake. Nilishikwa na bumbuwazi. Nikafanya unavyofanya wewe karakanani: nikafumba macho, nikapapasa mbao kwa kidole gumba kutafuta alama za patasi. Nikasahau kuwa ni mlango wa watu, hata hodi sikupiga. Ukafunguka, nikabaki nampapasa mwenye nyumba bega!

Yule mama hakukasirika. Aliniuliza nani alinifundisha kuishika mbao hivyo, nikasema baba yangu. Akaniambia mumewe alichonga nusu ya juu, macho yakamwishia nguvu, nusu ya chini akaimalizia yeye mkewe, na kijiji kizima kinajua ipi ni ya nani. Alisema hayo huku akifagia kizingiti, kama mtu anayeeleza alivyopika wali. Machozi yalinitoka pale pale.

Sasa nifike kwenye jambo lililonishikisha kalamu. Umeniandikia kwamba utamfukuza Maingi karakanani, kwamba tangu yule swala wa mbao aliyekufanya umpe tezo ya babu ya kuchongea, amezidi uvivu na hajatoa kitu cha maana. Baba, usimfukuze. Swala yule nilimchonga mimi, nyuma ya ghala, mlipokuwa sokoni. Kwetu msichana hupiga msasa tu, tezo hapewi. Nikaogopa, nikamwomba Maingi aseme ni wake. Miaka minane ndugu yangu amevumilia maneno yako na hajanitaja.

Mgeuze swala. Chini ya tumbo kuna mkato, pale tezo iliponiteleza. Kile kidole changu cha mkono wa kushoto, nilichokwambia nilikikata nikimenya muhogo, kilikatwa siku hiyo hiyo. Desemba nitakuja uone kovu mwenyewe. Hasira zinisubiri mimi. Na kama zitakuwa zimepoa, Baba, niwekee gogo moja.

Msalimie sana Mama na wote wa hapo nyumbani. Mwambie Maingi nimeshasema.

Ni mimi binti yako,
Mbithe